Mbps, MB/s na hesabu ya nane: maswali tunayoulizwa dukani Ngamiani

Duka letu lipo Ngamiani, Tanga, katikati ya zile barabara za namba. Tunachapa, tunatoa kopi, tunajaza fomu za mtandaoni, tunaingiza nyimbo na filamu kwenye flashi. Haipiti siku bila mtu kuuliza habari ya spidi: kwa nini iko hivi, kwa nini haiko vile, na nani kamdhulumu. Nimechoka kuchora hesabu nyuma ya kopi zilizoharibika, kwa hiyo majibu nayaandika hapa mara moja. Maswali nimeyaacha karibu kama yanavyoulizwa.

Nimelipia intaneti ya Mbps 20. Kompyuta ikishusha faili inaniandikia 2.38 MB/s. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Umepata ulicholipia. Aliyekuuzia amehesabu kwa biti, kompyuta yako imehesabu kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Chukua 20, gawa kwa 8, utapata 2.5. Ile 0.12 iliyopungua ina maelezo yake, nitaifikia kwenye swali la lumbesa.

Mzee mmoja aliwahi kuingia dukani na rauta mkononi, ameing'oa ukutani na waya zake zinaning'inia, anataka nimsindikize akagombane. Nikamkalisha, nikaagiza kahawa, nikamwandikia hesabu. Akaitazama karatasi muda mrefu, akaguna: "Kumbe mtu ananiuzia kwa kibaba, mie napima kwa pishi." Tangu siku ile sijatafuta maelezo mengine. Pishi moja ni vibaba vinne. Muuza mchele akikutajia vibaba ishirini, ukafika nyumbani ukapima pishi tano, hujapunjwa hata punje. Baiti ni pishi ya vibaba vinane.

Biti ni nini hasa, na nani aliamua kwamba ziwe nane?

Biti ni jibu moja la ndiyo au hapana: taa imewaka au imezimwa, 1 au 0. Neno hilo lilichapishwa mwaka 1948 katika makala ya Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi wa Marekani, naye mwenyewe aliandika kwamba amelipata kwa mwenzake John Tukey.

Baiti ilikuja baadaye. Werner Buchholz alilibuni neno hilo mwaka 1956 akiwa kazini IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, na wakati ule baiti lilikuwa fungu tu la biti zinazoshika herufi moja, bila idadi maalumu. Zilikuwepo kompyuta nyingi za biti sita kwa herufi. Nane ilianza kushika mizizi IBM ilipotoa mashine za System/360 mwaka 1964, na leo hakuna anayeuliza. Biti nane zinakupa michanganyiko 256, inayotosha herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama, na nafasi inabaki. Neno "Tanga" lina herufi tano, basi ni baiti 5, yaani biti 40.

Kwa nini wasitumie kipimo kimoja wote, tukapumzika?

Kila kazi na kipimo chake. Kitambaa cha suti hupimwa kwa mita, kanga huuzwa kwa doti, na hakuna anayemlaumu muuza kanga. Waya haujui herufi wala picha. Unapitisha biti moja nyuma ya nyingine, na watu wa simu walihesabu alama zinazopita kwa sekunde tangu enzi za telegrafu. Diski na flashi zimetengenezwa kutunza mafaili, na faili ni herufi juu ya herufi, kwa hiyo huko wanahesabu baiti.

Hiyo ndiyo sababu ya haki. Ya pembeni, nayo naisema kama mfanyabiashara mwenzao: 20 kwenye bango inauzika kuliko 2.5.

Nitajuaje kama ni biti au baiti?

Tazama herufi b. Ikiwa ndogo ni biti, ikiwa kubwa ni baiti. Mb ni megabiti, MB ni megabaiti. Mega ni milioni; kilo, inayoandikwa k, ni elfu; giga, inayoandikwa G, ni mega elfu moja. Mbps ni megabiti kwa sekunde, ambayo wengine huiandika Mb/s au Mbit/s. MB/s ni megabaiti kwa sekunde.

Shida ni kwamba wachora mabango hawaijali herufi hiyo. Nimeona MBPS, mbps, hata Mps, zote kwa maana ileile. Kanuni yangu ni hii: tangazo lolote la kifurushi cha intaneti lichukulie kuwa ni biti, hata likiandikwa kwa herufi kubwa zote. Programu yoyote inayoshusha faili ichukulie kuwa ni baiti mpaka ikuthibitishie vingine. Na m ndogo ukiifuata kwa sheria za vipimo maana yake ni mili, sehemu moja ya elfu. Aliyeandika "mbps" ametangaza intaneti ya biti moja kila sekunde mia mbili na hamsini kwa kila mbps nne. Tumsamehe.

Naomba hesabu moja tu ya kukariri.

Kariri hii: Mbps 8 ni MB 1 kwa sekunde. Kutoka hapo unapanda ngazi mwenyewe. MB 1 kwa sekunde ni MB 60 kwa dakika, ni GB 3.6 kwa saa.

Ukipenda kuanzia Mbps 1: hiyo ni kilobaiti 125 kwa sekunde, MB 7.5 kwa dakika, MB 450 kwa saa, na kama ingekimbia mchana na usiku bila kupumzika, GB 10.8 kwa siku. Zidisha tu kwa namba uliyonayo. Mwenye Mbps 10 atashusha MB 75 kwa dakika.

Hizi ndizo tulizobandika ukutani karibu na mashine ya kopi, kwa sababu ndizo zinazotajwa zaidi:

kbps 512 = kB 64 kwa sekunde
Mbps 2 = kB 250 kwa sekunde
Mbps 5 = kB 625 kwa sekunde
Mbps 10 = MB 1.25 kwa sekunde
Mbps 20 = MB 2.5 kwa sekunde
Mbps 50 = MB 6.25 kwa sekunde
Mbps 100 = MB 12.5 kwa sekunde
Gbps 1 = MB 125 kwa sekunde

Nina faili la ukubwa fulani. Litachukua muda gani?

Ukubwa kwa megabaiti, zidisha kwa 8, gawa kwa Mbps ulizonazo. Jibu ni sekunde.

Filamu ya MB 700 kwenye Mbps 10: 700 mara 8 ni 5,600, gawa kwa 10, sekunde 560. Hizo ni dakika 9 na sekunde 20. Programu ya GB 1.5 kwenye Mbps 8: 1,500 mara 8, gawa kwa 8, sekunde 1,500, dakika 25. Ukiwa na simu ya tochi tu mfukoni hesabu hii unaifanya bila taabu, kikokotoo kimo.

Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kusahau kuibadili GB kuwa MB kwanza. Anazidisha 1.5 kwa 8, anagawa, anapata sekunde moja na nusu, anafurahi, kisha anakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri.

Kilo ni 1,000 au 1,024? Fundi mmoja ameniambia hivi, mwingine vile.

Wote wawili wana hoja, na hapa ndipo penye lumbesa.

Gunia unalijua: linajazwa hadi mdomoni, linashonwa. Lumbesa ni gunia lilelile limeongezewa kilemba juu, na bado linaitwa gunia moja. Kompyuta zinahesabu kwa mbili: 2, 4, 8, 16, na kuendelea, na ukiifuata ngazi hiyo hufiki 1,000 kamili, unafika 1,024. Wataalamu wa zamani wakaona imekaribia, wakaiita kilo. Kilo ya lumbesa. Kwenye kilo kilemba ni kidogo, asilimia 2.4. Kwenye mega kinafika karibu asilimia 4.9, kwa sababu ni 1,024 mara 1,024. Kwenye giga ni asilimia 7.4, kwenye tera karibu asilimia 10. Kadiri gunia linavyokua, kilemba nacho kinakua.

Mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilitoa majina mapya kwa magunia ya lumbesa: kibi, mebi, gibi. Mebibaiti, alama yake MiB, ni baiti 1,048,576. Megabaiti, MB, ibaki kuwa baiti 1,000,000. Majina mazuri, ila Windows mpaka leo inahesabu kwa lumbesa na kuandika MB na GB za kawaida. Kompyuta za Apple ziliacha lumbesa mwaka 2009 na kuhesabu kwa elfu. Ndiyo maana flashi ya GB 32 ukiichomeka kwenye Windows inaonyesha 29.8. Nimegombana na wateja wangapi kwa hiyo 29.8, wananiambia nimewauzia feki! Flashi ina baiti zake 32,000,000,000. Gawa mara tatu kwa 1,024 uone.

Sasa rudi kwa yule mwenye Mbps 20. Ni biti 20,000,000 kwa sekunde. Gawa kwa 8, baiti 2,500,000. Gawa kwa 1,048,576, unapata 2.38. Ile 0.12 yake haikuibiwa na mtu, imekaa kwenye kilemba.

Kwenye spidi za mtandao, lumbesa haipo. Kilobiti ni biti 1,000, megabiti ni 1,000,000, gigabiti ni 1,000,000,000, siku zote. Lumbesa ipo kwenye mafaili, na zaidi kwenye kumbukumbu ya ndani ya kompyuta.

Nimegawa kwa nane, nimetoa na kilemba, na bado sifikii. Kuna nini?

Kuna mambo kadhaa, na hapa sitakimbia kwa sababu ndipo pesa zinapopotea.

La kwanza ni bahasha. Faili lako halisafiri zima. Linakatwa vipande, kila kipande kinatiwa kwenye pakiti yenye anwani ya mtumaji na mpokeaji. Kwenye mtandao wa waya pakiti ya kawaida hubeba baiti 1,500, na ndani yake 40 ni anwani na maelezo, kwa hiyo faili linabaki na 1,460. Nje ya pakiti kuna baiti nyingine 38 za kuitambulisha, kuikagua na kuitenganisha na ya nyuma yake. Waya umebeba 1,538, wewe umepata 1,460, karibu asilimia 95. Waya wa Mbps 100 hauwezi kukupa faili kwa zaidi ya Mbps 95 hata ukiwa peke yako mjini. Ni kama kununua machungwa ya Muheza kwa uzito yakiwa ndani ya tenga: tenga nalo limepimwa.

La pili ni hewa. Rauta imeandikwa "300 Mbps" kwenye boksi, na hiyo ni spidi ya redio ikiwa kila kitu kimenyooka. Kwenye Wi-Fi vifaa vinapokezana hewa moja, mmoja akisema wengine wananyamaza, na baada ya kila sentensi kuna kukiri kwamba imesikika. Ukipata nusu ya kilichoandikwa kwenye boksi, shukuru. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe kwenye nyumba zetu za zamani unaila hata hiyo nusu.

La tatu ni tundu la rauta. Rauta nyingi za bei ndogo zina matundu ya waya ya Mbps 100. Unaweza kulipia Mbps 200 kila mwezi na mia moja ya pili isipite hata siku moja. Geuza rauta, soma maandishi ya chini, au tafuta namba ya modeli kabla ya kupandisha kifurushi.

La nne ni majirani. Neno "hadi" kwenye "hadi Mbps 20" ni neno dogo lenye kazi kubwa. Mnara mmoja wa simu unawagawia wote walio chini yake, na saa mbili usiku Chumbageni yote imo mtandaoni. Jaribu saa kumi alfajiri uone ilivyo tofauti.

Bando la GB 5 lina spidi gani?

Halina. GB 5 ni maji yaliyomo kwenye simtanki. Mbps ni unene wa bomba. Bando linakwambia utachota kiasi gani, halikwambii yatatoka haraka kiasi gani.

Ila vikikutana vinakupa muda. GB 5 ni MB 5,000; mara 8, gawa kwa Mbps 20, unapata sekunde 2,000. Bando lako likikimbia kwa spidi yote litaisha kwa dakika 33 na sekunde 20. Watu wanalalamika kwamba bando "linayeyuka" tangu wahamie kwenye simu ya 4G. Simu mpya ina bomba nene, na video zikiona bomba nene zinajipandisha ubora zenyewe. Tanki ni lilelile.

Kuna vifurushi ambavyo GB zikiisha hukatwi, unapunguziwa spidi tu, mathalani iwe kbps 512. Hiyo ni kB 64 kwa sekunde. Ujumbe wa maandishi utapita bila wewe kuhisi chochote. Picha ya MB 3 itachukua kama sekunde 47. Video usiiguse.

Nataka kuangalia mechi ya Coastal kwenye simu. Nahitaji ngapi, na itanila kiasi gani?

Video ya ubora mzuri kwenye simu au TV ndogo inatosheka na Mbps 5 hivi. Dakika 90 na mapumziko ya 15, jumla 105. Mbps 5 ni MB 37.5 kwa dakika. Mara 105 ni karibu GB 3.9. Ukishusha ubora hadi Mbps 1 unamaliza mechi kwa chini ya MB 800, lakini mpira wenyewe utautafuta uwanjani kwa macho. Wagosi wa Kaya wakicheza Mkwakwani, mimi nafunga duka naenda uwanjani, hesabu yake ni rahisi zaidi.

Kushusha kunakwenda vizuri. Mbona kupandisha kunasuasua?

Kwa sababu ni bomba mbili tofauti, na ya kupandisha kwa kawaida ni nyembamba. Watoa huduma wanajua wengi wetu tunapokea kuliko tunavyotuma. Ukiuliza spidi, uliza zote mbili.

Wapiga picha za harusi ndio wanaoumia. Kijana mmoja aliniletea kadi ya GB 64 imejaa picha na video, anataka zimfikie mhariri wake Dar. Tukapima, kupandisha kulikuwa Mbps 5. Nikamwandikia: 64,000 mara 8 ni 512,000, gawa kwa 5, sekunde 102,400. Saa 28 na dakika 26. Nikamshauri aende stendi ya Kange, aikabidhi kadi kwa mtu anayemwamini kwenye basi.

Baadaye kwa udadisi nikaihesabu spidi ya basi lenyewe. Tukikadiria safari ya Tanga hadi Dar kuwa saa sita, ni sekunde 21,600. Biti 512,000,000,000 gawa kwa 21,600 unapata zaidi ya Mbps 23. Na hiyo ni kadi moja ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kijana angekuwa na kadi kumi, basi lingekuwa na Mbps 237 kwa nauli ileile.

Kama ni hivyo, kwa nini tusitume kila kitu kwa basi?

Kwa sababu ukimsalimia mtu "shikamoo" kwa basi, "marahaba" itakurudia baada ya saa kumi na mbili. Hicho ni kipimo kingine kabisa, kinaitwa ucheleweshaji, vijana wanaocheza gemu wanakiita pingi, na kinapimwa kwa milisekunde. Hakigeuzwi kuwa Mbps kwa hesabu yoyote. Bomba linaweza kuwa nene sana na refu sana kwa pamoja.

Mwanga ndani ya uzi wa faiba unakwenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Setilaiti za zamani za mawasiliano zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta; kupanda na kushuka tu, ishara inatumia karibu robo ya sekunde, na jibu likirudi robo nyingine. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi na kufika Dar es Salaam mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010, intaneti yetu ya kwenda ng'ambo ilitegemea zaidi setilaiti hizo. Waliopiga simu za mtandaoni miaka ile wanakumbuka: unasema, unanyamaza, unasubiri, mnaanza kuongea wote wawili kwa pamoja.

Zamani intaneti ilikuwa na spidi gani?

Modemu nzuri ya mwisho ya waya wa simu ilikuwa ya kbps 56. Gawa kwa 8: kB 7 kwa sekunde. Wimbo wa MB 4 ulichukua dakika tisa na nusu, mtu asipoinua simu ya mezani.

Laini ya kbps 64 nayo ilikuwa maarufu kwa ofisi na vibanda vya intaneti, na namba yake haikuokotwa. Sauti ya simu inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8, jumla 64,000. Ukifunga njia 32 za namna hiyo unapata Mbps 2.048, ndiyo maana mafundi wa simu wa umri wangu wakisema "mbili mega" wanamaanisha mbili na kidogo. Kibanda nilichojifunzia kazi kilikuwa na kompyuta nane kwenye kbps 64. Kila mteja alikuwa na kbps 8, kilobaiti moja kwa sekunde, na alilipa kwa nusu saa. Barua pepe yenye picha moja ndogo ilitosha kummaliza.

Kuna wakati kugawa kwa nane si sahihi?

Upo, na mafundi wengi wanauruka. Baadhi ya nyaya hutuma biti za ziada kwa kila baiti ili pande mbili zisipoteane, kwa hiyo baiti moja inasafiri kama biti 10. Hapo unagawa kwa kumi.

USB 3.0 ya kwanza ni Gbps 5: usitarajie MB 625, ni MB 500. Waya wa SATA wa Gbps 6 unaounganisha diski ndani ya kompyuta ni MB 600. Mashine ya kutoa risiti iliyounganishwa kwa waya wa kizamani wa 9600 kwa kawaida inapokea herufi 960 kwa sekunde. Hiyo 9600 utaisikia ikiitwa baudi, jina lililotokana na Émile Baudot, Mfaransa wa mambo ya telegrafu. Baudi inahesabu alama zinazobadilika kwenye waya, si lazima iwe sawa na biti, lakini kwenye mashine ya risiti zinalingana.

USB 2.0 ni Mbps 480, kwa nane ni MB 60 kwa sekunde, kwenye karatasi. Flashi nyingi za bei rahisi zinaandika MB 5 hadi 10. Ukileta flashi ya namna hiyo uniombe GB 16 za filamu, usitazame saa. Kompyuta yangu haina kosa.

Nikipima spidi kwenye tovuti za kupima, namba ile ni ipi?

Mbps, karibu zote. Usiilinganishe na namba ya kushusha faili kabla ya kugawa. Pima mara tatu, kwa nyakati tofauti, ukiwa karibu na rauta, na wengine nyumbani wakiwa wametulia. Kumbuka kipimo chenyewe kinakula bando: Mbps 40 kwa sekunde 15 ni megabiti 600, sawa na MB 75. Kuna mtu alipima mara kumi kwa hasira, akamaliza bando la siku akitafuta ushahidi.

Terabiti nayo ni kitu gani?

Gigabiti elfu moja. Hutakutana nayo nyumbani, utaisoma kwenye habari za mikongo ya baharini. SEACOM ulipozinduliwa ulitajwa kuwa na uwezo wa Tbps 1.28. Gawa kwa 8: GB 160 kwa sekunde, flashi tano za GB 32 kila sekunde moja.

Umeniambia faili langu litakwisha saa 2:15. Nimekuja, duka limefungwa. Vipi?

Hili liliulizwa mara moja tu, na aliyeuliza alikuwa na haki ya kukasirika, kwa hiyo naliweka.

Lilikuwa faili la GB 9, laini yetu siku hiyo ilitulia kwenye Mbps 10. 9,000 mara 8, gawa kwa 10, sekunde 7,200: saa mbili kamili. Tulianza saa sita na robo mchana. Kompyuta ikaandika litakwisha 14:15, mimi nikanakili "2:15" kwenye kikaratasi, nikampa binti yake ampelekee baba. Mzee akasoma kama Mswahili yeyote anavyosoma. Akaja saa mbili na robo usiku, kwa bodaboda kutoka Mikanjuni, akakuta kufuli.

Kugawa kwa nane nilipatia. Nilisahau kutoa sita. Siku hizi naandika kwa maneno: saa nane na robo mchana.